Je, wajua kwa nini ndimu huliua bomu la kuogea kabla halijafika majini?

Nianze na kosa langu, maana bila hilo nisingeuliza swali hili. Binamu yangu wa Arusha alikuwa anaandaa kicheni pati, akanipigia simu huku Moshi: "Dada, nitengenezee yale mabonge yanayofoka ukiyatupa kwenye maji, niwagawie wageni. Ila hela sina." Hayo mabonge ndiyo mabomu ya kuogea. Wenye mabafu ya kujilaza huyatupa mle, sisi wa ndoo na beseni tunaloweka nayo miguu.

Nikaona kazi rahisi. Nilijua yanatengenezwa kwa beking soda na asidi ya sitriki, na asidi ya sitriki si ndiyo uchachu wa ndimu? Ndimu zimejaa pale sokoni Mbuyuni. Nikanunua kumi, nikakamua, nikamimina maji yake kwenye bakuli la soda. Bakuli likafoka kama maziwa yaliyosahaulika jikoni, likamwagikia meza, na kwa muda wa dakika mbili nilijiona fundi. Kisha kimya. Kilichobaki kilikuwa uji mweupe. Niliukausha juani siku tatu, nikaufinyanga mviringo mzuri, nikautupa kwenye beseni. Ukazama kama jiwe na kukaa chini pale unanitazama.

Nilikuwa nimekosea mara mbili kwa mkupuo mmoja. Kwanza, nilidhani maji ya ndimu na asidi ya sitriki ni kitu kimoja. Lita nzima ya maji ya ndimu ina karibu gramu 50 tu za asidi hiyo, ikizidi au kupungua kidogo kutegemea tunda. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji matupu. Nilidhani naongeza asidi kwenye soda, kumbe nilikuwa naongeza maji yenye asidi kidogo. Pili, na hapa ndipo penyewe, nilidhani maji hayana neno: ni kimiminika tu cha kuchanganyia, ukimaliza kazi unayakausha. Katika bomu la kuogea, maji ndiyo njiti ya kiberiti. Nilikuwa nimeuwasha moto mezani, halafu nikaupeleka mkaa uliokwisha kuzimika kwenye beseni nikitarajia uwake.

Ushahidi umelala kwenye kila duka la mtaani. Chukua pakiti ya Eno, ile ya tumbo lililojaa gesi. Ndani yake mna sodiamu baikaboneti (ndiyo beking soda yenyewe), asidi ya sitriki, na sodiamu kaboneti kidogo. Asidi na soda wamebanwa pakiti moja, punje kwa punje, miezi na miezi, na hakuna kinachotokea. Mimina kwenye glasi ya maji uone.

Kwa nini wanakaa kimya hivyo? Fikiria posa. Kuna familia mbili, kila moja ina nia, wamekaa ukumbi mmoja, mkeka mmoja, lakini mshenga hajafika. Hakuna anayefungua mdomo. Wanaweza kukaa hivyo mpaka jua lizame. Asidi ikiwa kavu ni fuwele, na chembe za haidrojeni inazotakiwa kuzitoa zimeshikwa humo ndani hazina pa kwenda. Soda nayo ni fuwele, imejifungia vivyo hivyo. Kugusana kwa punje na punje hakutoshi. Maji yakiingia yanaziyeyusha zote mbili, yanazichukua chembe za haidrojeni upande huu na kuzifikisha upande ule, na hapo ndipo hewa ya ukaa inapotoka kwa mapovu. Maji ni mshenga.

Lakini kuna jambo ambalo mshenga wa kawaida halifanyi. Asidi na soda vikikutana, havitoi hewa ya ukaa peke yake. Vinatoa pia maji mapya. Kila molekuli moja ya asidi ya sitriki ikimalizana na molekuli tatu za soda, zinazaliwa molekuli tatu za hewa ya ukaa na tatu za maji. Yaani mshenga mmoja akishaoza, wanazaliwa washenga wengine watatu, nao wanaondoka kwenda kugonga nyumba za jirani. Ndiyo maana tone moja la jasho kutoka kwenye paji la uso linaweza kuanzisha uvimbe unaotambaa ndani ya bonge zima usiku kucha. Kwa gramu 50 za asidi iliyokutana na soda ya kutosha, maji yanayozaliwa ni karibu gramu 14, vijiko vitatu vya chai kasoro kidogo, kutoka kwenye unga uliokuwa mkavu kabisa. Mimi bado jambo hili linanishangaza kila nikilipigia hesabu.

Na hewa? Gramu hizo 50 hutoa takriban lita 20, sawa na ndoo ile kubwa ya kuchotea maji, ingawa sehemu yake huyeyuka majini isionekane. Yote ilikuwa imekaa kwenye bonge linaloenea kiganjani. Neno bomu si la kutia chumvi sana.

Mtoto wa jirani aliniuliza kama maji "yanayochemka" hivyo yatamuunguza. Lugha ndiyo inayomdanganya. Mchanganyiko huu hunyonya joto badala ya kulitoa, hivyo maji hupoa kidogo. Jaribu kwenye glasi, si kwenye beseni, utahisi kwa mkono.

Historia ya bomu la kuogea ni fupi. Mwaka 1989 Mwingereza Mo Constantine, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya vipodozi ya Lush, alibuni bomu la kwanza bandani kwake akiwa amevutiwa na Alka-Seltzer, vidonge vya dawa vinavyofoka majini.

Kinachonichekesha zaidi ni hiki: ule unga mweupe unaouzwa kwa jina la unga wa ndimu, ambao ndio asidi ya sitriki inayotakiwa, kwa kawaida hauna ndimu ndani yake. Zamani ulikamuliwa kwenye malimau kweli. Mwaka 1917 James Currie, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwamba kuvu mweusi aitwaye Aspergillus niger akilishwa sukari hutoa asidi hiyo kwa wingi, na tangu hapo viwanda vimehamia huko. Hata molasi, yale mabaki meusi ya kiwanda cha sukari kama kile cha TPC hapo chini ya Moshi, ni chakula kizuri kwake.

Wengine watauliza: kwa nini usitumie magadi, ni bei poa na yanatoka kwetu, Ziwa Natron? Yatafoka, ndiyo. Lakini magadi ni mchanganyiko wa baikaboneti na kaboneti, tena yana maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na ni makali kuliko beking soda. Kwenye kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage, yanalainisha maharage, kwenye ngozi yanaweza kuwasha. Yabaki jikoni. Beking pauda nayo iache, hiyo tayari imewekewa asidi na wanga kiwandani.

Mara ya pili nilifuata ukavu. Gramu 100 za beking soda, 50 za unga wa ndimu, 50 za kornflawa, na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya nazi yaliyoyeyushwa. Kornflawa hunyonya unyevu na kupunguza kasi ya mapovu. Mafuta hushikanisha bila kumwita mshenga. Ikigoma kushikana, nyunyiza spiriti kidogo sana badala ya maji, mbali na jiko, maana inawaka. Spiriti nayo huwa na maji kiasi, kwa hiyo ukisikia "fssss" acha hapo hapo. Unga ukifinywa na kubaki na alama za vidole, ushindilie kwenye kikombe cha kahawa, ugeuze, uache usiku mmoja. Manukato weka matone machache, kuna ngozi zisizoyapenda. Wapo wanaosema mapovu yenyewe hutibu viungo, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Maji ya vuguvugu yanatosha kuwa sababu ya miguu kupumzika.

Kisichouzwa popote ni hali ya hewa. Nilifanya kazi hii Aprili, masika yamekolea, nguo hazikauki siku mbili. Mabonge niliyoyaacha dirishani yaliumuka kama maandazi, yakapasuka. Niliyoyafungia mara moja kwenye kopo la kahawa lenye mfuniko wa kubana ndiyo yaliyosafiri na basi hadi Arusha. Manne yalibaki kwangu. Moja lina kipele ubavuni, mahali ambapo nadhani tone la mvua lilinifuata ndani, na kila nikifungua kopo naona kimeongezeka kidogo.