Ufadhili wa kisiasa na hatari ya ghasia za uchaguzi

Ufadhili wa kisiasa ni utaratibu ambao mwenye mamlaka hugawa mali na nafasi za umma, kama vile ajira, zabuni, ardhi na hata barabara, kwa wanaomuunga mkono, nao humlipa kwa kura na utiifu. Hautofautiani sana na rushwa, ila huu ni uhusiano wa kudumu, unaoshuka kutoka kwa waziri hadi kwa mbunge na wapambe wake, mpaka kwa mzazi aliyesaidiwa karo. Mzazi huyo si mjinga: pale ambapo haki haipatikani bila kujuana na mkubwa, kumchagua "mtu wetu" ni hesabu ya busara.

Nchini Kenya, ripoti ya mwaka 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyotolewa kinyume cha sheria kama zawadi za kisiasa, hasa nyakati za uchaguzi. Mazoea kama hayo yaliwafanya wengi waamini kwamba urais ni zamu ya jamii fulani kula, na kwamba anayeshindwa hupoteza kila kitu. Tarehe 30 Desemba 2007, Mwai Kibaki alipotangazwa kumshinda Raila Odinga na kuapishwa jioni hiyo hiyo, nchi ililipuka; watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayahama makwao. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilibaini kwamba baadhi ya mashambulizi yalizuka kwa hasira, lakini mengine yalipangwa na kufadhiliwa.

Hilo la pili ndilo linalosahaulika. Kijana asiye na kazi, aliyezoea kupewa fulana na posho ili ajaze mkutano wa kampeni, anaweza kulipwa na mtu yuleyule afunge barabara au awafukuze majirani, kwa kuwa njia ya fedha na ya amri ni moja.

Katiba ya mwaka 2010 ilipunguza uzito wa urais kwa kuunda kaunti 47 zinazotengewa kwa jumla angalau asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa, hata ambako rais hakupata kura. Hata hivyo magavana wa kaunti hizo nao wana zabuni na ajira za kugawa, hivyo sehemu ya mvutano huo imehamia kwao.