Umesachi? Umesachi vipi?

Mwaka jana alikuja ofisini kwetu Kampala kijana mmoja, fundi wa Katwe, kabeba mashine ya kushindilia briketi (vitofali vya makaa) ndani ya gunia, akaitua juu ya meza yangu vumbi la makaa likamwagika kila mahali mpaka kwenye chai, akasema bosi nataka pateti ya hii kitu, yaani sheria imlinde asiigwe na mtu. Mashine nzuri, sio mchezo. Kaichomelea mwenyewe kwa vyuma chakavu, unaweka unga wa maganda ya matoke yaliyochomwa, umeshauchanganya na uji wa muhogo ili ushikane, unazungusha mkono na briketi zinatoka upande wa pili. Nikamuuliza, umesachi? Yaani umetafuta mtandaoni kama kuna aliyekutangulia? Akasema nimesachi sana, hakuna mtu duniani mwenye hii. Umesachi vipi? Akanionyesha simu, alikuwa ameandika kwa Kiingereza mashine ya makaa ya maganda ya matoke Uganda.

Kweli hakuna mtu. Kwa hayo maneno hakuna.

Manake alitafuta kwa jina alilolipa kitu chake yeye mwenyewe, na mtu wa China au Brazil aliyetengeneza kitu hichohicho miaka kumi iliyopita hajui matoke ni nini, yeye kaandika kifaa cha skrubu cha kugandamiza mabaki ya mimea kuwa fueli ngumu, tena kwa Kichina. Alafu wanaoandika hati za pateti (hataza kwa Kiswahili cha vitabuni) wana lugha yao ya ajabu, kalamu ya kawaida wanaweza kuiita chombo cha kupitisha wino, makusudi kabisa, ili wakamate kila kitu kinachofanana nayo. Kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara na watafiti kutafuta mambo kama haya, na nusu ya kazi ni kuwashawishi watu kwamba "sijaona" na "hakipo" ni vitu viwili tofauti.

Hapo ndipo hizi sachi zenye akili zinapoingia. Sachi ya zamani ni kama duka la dawa lenye muuzaji mvivu, ukitaja jina la dawa anakupa, ukikosea herufi moja anasema haipo. Sachi ya sasa ni kama yule jamaa wa mitumba pale soko la Owino, unamwambia natafuta kitu cha mtoto, anakwenda kusoma Kabale, yeye bila kukuuliza zaidi anachomoa sweta, kwa sababu anajua Kabale kuna baridi hata kama neno sweta hukulitamka. Kompyuta inafanyaje hivo? Inageuza maneno kuwa namba, orodha ndefu ya namba kwa kila neno au sentensi, na vitu vyenye maana karibu vinapata namba zilizo karibu, kwa hiyo ukiuliza inapima umbali wa maana badala ya kulinganisha herufi tu. Njia hii ilianza kuvuma sana 2013 watafiti wa Google walipotoa programu ya word2vec, 2018 wakatoa nyingine, BERT, inayosoma neno pamoja na majirani zake kwenye sentensi, na mwezi wa kumi 2019 wakaiweka ndani ya sachi yao ya kawaida, kwa hiyo unaitumia siku zote, umejua au hujajua.

Turudi kwa fundi. Nilimwambia weka simu chini, chukua karatasi, andika nusu ukurasa mashine inafanya nini, bila kutaja matoke wala Katwe. Hiyo nusu ukurasa ndio tukaipeleka kwenye sachi. Tukaingia PATENTSCOPE, hifadhi ya hati za pateti ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali ya ubunifu, ni bure, ina hati zaidi ya milioni 100, na ina kitu kimoja ninachokipenda kuliko vyote, unaandika maneno kwa Kiingereza na yenyewe inatafuta visawe vyake kwa Kichina, Kijapani, Kijerumani, alafu inakutafsiria ulichopata. Tukapita pia Google Patents, ukipata hati moja inayofanana na yako inakuonyesha ndugu zake. Na kuna ujanja wa kizamani ambao hakuna akili mnemba iliyouzika bado: kila pateti duniani ina kodi ya aina yake (alama ya kundi lake, sio ile kodi ya serikali), briketi za mabaki ya mimea ziko C10L 5/44, ukiishika hiyo kodi lugha si tatizo tena.

Baada ya saa moja tulikuwa na rundo. Skrubu, mkono wa kuzungusha, uji wa wanga, vyote vipo. Kijana akanyong'onyea kabisa, nikamwona anaangalia gunia lake kama mtu anayepanga kuliuza kwa kilo.

Nikamwambia ngoja, umepata habari nzuri na hujaiona. Pateti ni kitu cha nchi kwa nchi. Mwenye pateti ya China ambaye hakuisajili hapa kupitia URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, wala kupitia ARIPO, shirika la Afrika la mali ya ubunifu kule Harare, akaitaja Uganda, hana nguvu ya kukuzuia kuitengeneza na kuiuza hapa Uganda. Na hata aliyesajili, ulinzi ni miaka 20 tangu siku ya maombi, tena wengi huacha kulipa ada ya mwaka na pateti inakufa kabla ya hapo. Maana yake ile hati ni darasa la bure, ina michoro, vipimo, nyuzi za skrubu zikae vipi, ubao wa mdomo uwe na tundu la ukubwa gani, vitu ambavyo fundi angevitafuta kwa kuharibu chuma miezi sita. Ila kuwa makini sehemu mbili. Kama hati ni mpya, mwenye hati anaweza bado kuwa ndani ya muda wa kuleta maombi nchi nyingine, na kama unataka kuuza Nairobi, lazima uangalie kama imelindwa Kenya, uhuru wako wa Uganda hauvuki mpaka wa Busia.

Upande wa utafiti ni hivohivo, tena pengine zaidi. Chukua kiwotoka, ule ugonjwa wa kunyausha migomba ulioonekana Uganda 2001 na kumaliza mashamba ya watu. Bakteria anayeuleta, Xanthomonas, hakuwa mgeni, Ethiopia walikuwa wamemwandika tangu 1968 kwenye mmea unaoitwa enseti, ndugu wa mgomba. Sasa mtu akisachi ndizi peke yake, makala ya enseti anaweza kuyapita bila kuyaona, na mkulima akiandika kiwotoka sachi nyingi zinabaki zimeduwaa. Inayoelewa maana inaweza kuunganisha mnyauko, Xanthomonas, enseti na mgomba, ukampata mtu aliyekwishapambana na tatizo lako akaliita jina lingine.

Na hii sio ndoto ya juzi. 1986 Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye wala sio daktari, alisoma makala yanayosema mafuta ya samaki yanapunguza uzito wa damu, akasoma mengine ya ugonjwa wa Raynaud, ule wa vidole kubadilika rangi na kufa ganzi kwenye baridi, yakisema damu ya wagonjwa hao ni nzito. Makundi mawili ya watafiti, hakuna aliyemtaja mwenzake. Yeye akaunganisha, akasema jaribuni mafuta ya samaki. Alifanya sehemu kubwa kwa kusoma tu, sasa fikiria mtafiti wa kituo cha kilimo cha Namulonge au mwanafunzi wa Makerere mwenye kifaa kinachopitia makala maelfu. Na msiniambie makala yanauzwa ghali, kupitia Research4Life, mpango wa kuzifungulia nchi maskini majarida ya kisayansi, taasisi za Uganda zikijiandikisha zinasoma majarida maelfu bure, nakutana na watu wana haki hiyo na hawajui neno la siri linakaa ofisi gani.

Lakini sasa, kuna ubaya wake na nitausema bila kupaka mafuta. Akili mnemba ya kuchati sio sachi, hata kama inaongea kama imesoma kila kitu. Mwanafunzi mmoja aliniletea orodha ya makala kumi aliyopewa na hiyo kitu, nzuri sana, majina, miaka, kurasa, tukatafuta moja moja, manne hayapo duniani. Huko New York 2023 mawakili walipeleka mahakamani kesi za kubuni walizopewa na ChatGPT wakapigwa faini ya dola 5,000. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, kama hujaifungua hati yenyewe ukaisoma usiitaje. Na uvumbuzi wako ambao bado ni siri usiumwage wote kwenye chati ya bure, eleza tatizo unalotatua, kile kipande chako kipya kiache nyumbani. Luganda, Kiacholi, Kiateso bado vinasumbua hivi vifaa, ingawa kuna Wauganda kama wale wa shirika la Sunbird AI wanakusanya data za lugha zetu, kwa sasa andika swali lako kwa Kiswahili na kwa Kiingereza na jina la kisayansi kama unalo, mara tatu, ulinganishe.

Fundi alirudi baada ya wiki kama sita hivi. Alikuwa amebadilisha mdomo wa mashine kwa mchoro wa hati moja ya Kichina, sasa briketi zinatoka na tundu katikati na zinawaka haraka. Lakini ile skrubu ya kwenye mchoro ilikuwa inakwama kwa unga wa maganda ya matoke, inashika kama gundi, akaikata nyuzi kwa namna yake mwenyewe mpaka ikapita. Nikamuuliza hiyo namna yako, umesachi? Akacheka, akatoa mfukoni ile nusu karatasi, safari hii kaandika pande zote mbili.