Wanyama Wanaelewa Mengi Kuliko Wanavyoweza Kusema

Nikijitambulisha kuwa mwanaisimu, swali la pili huwa karibu kila mara ni hili: je, wanyama nao wana lugha? Muulizaji huwa amekuja na ushahidi wake mkononi, na ushahidi wenyewe huwa ni hesabu ya maneno. Kuna mbwa wa Marekani aliyeitwa Chaser, ataniambia, aliyejua majina ya vitu vya kuchezea zaidi ya 1,000. Ni kweli, alijua. Ila hesabu hiyo hupima sikio tu, na upande wa sikio wanyama hawako mbali nasi hata kidogo. Pengo liko upande wa kutoa, yaani wa kusema wenyewe.

Tumbili ndio waliowasha mjadala huu. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya majaribio yao ya Amboseli, Kenya. Walirekodi milio ya tahadhari ya tumbili, wakaficha spika, kisha wakaicheza milio hiyo wakati hakuna adui yeyote karibu. Kwa mlio wa chui, tumbili walipanda mitini. Kwa mlio wa tai, walitazama juu au kukimbilia vichakani. Kwa mlio wa nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma wakikagua ardhi. Watu wengi wakahitimisha kwamba hayo ni maneno, na kwamba mwanzo wa lugha umepatikana.

Jaribio lililonifanya nione mambo kwa namna nyingine ni la mwaka 2019, la kundi la Julia Fischer, huko Senegal. Huko wanaishi tumbili wa jamii nyingine, ndugu wa wale wa Afrika Mashariki ingawa nasaba zao ziliachana zamani sana. Watafiti walirusha droni juu yao, kitu ambacho hawakuwa wamewahi kukiona. Tumbili wakapiga mlio, na mlio huo ukafanana sana na ule ambao ndugu zao wa Afrika Mashariki huutoa kwa tai. Hakuna aliyewafundisha, wala hawakuubuni papo hapo, wamezaliwa nao. Halafu, baada ya kuiona droni mara chache mno, wakichezewa mngurumo wake tu kwenye spika walitazama angani na kukimbia. Maana ya sauti ngeni waliishika upesi. Sauti ya kutoa ilibaki ileile ya ukoo wao.

Ukishaona mgawanyo huo, utaukuta kila mahali. Tembo wa Amboseli wanatambua hatari kwa kusikia lugha za watu. Mwaka 2014 Karen McComb na wenzake waliwachezea rekodi za watu wakisema maneno yaleyale, wengine kwa Kimaasai na wengine kwa Kikamba. Sauti za wanaume wa Kimaasai, ambao mara nyingine hugombana na tembo kwa ajili ya malisho na maji, ziliwafanya wakusanyike na kuondoka zaidi kuliko sauti za wanaume wa Kikamba. Sauti za wanawake na watoto wa Kimaasai nazo hazikuwatisha hivyo. Huo ni usikivu ambao wageni wengi wa nchi yoyote wangeuonea wivu.

Kanzi, bonobo (ndugu wa karibu wa sokwe) aliyelelewa na mtafiti Sue Savage-Rumbaugh, alipewa maagizo 660 ya Kiingereza, mengi yakiwa ya ajabu kwa makusudi ili asiweze kukisia. Alitekeleza sawasawa takriban asilimia 72. Mtoto wa kibinadamu wa miaka miwili aliyejaribiwa naye alipata 66. Lakini Kanzi alipokuwa akisema mwenyewe kwa kugusa alama kwenye ubao, karibu kila kauli ilikuwa fupi na ya kuomba kitu.

Sokwe Nim, aliyefundishwa ishara na kundi la Herbert Terrace, alijifunza takriban 125. Kauli yake ndefu kuliko zote ilikuwa na ishara 16: toa chungwa mimi toa kula chungwa mimi kula chungwa toa mimi kula chungwa toa mimi wewe. Njaa imo tele, sentensi haimo.

Wengi hulaumu koo. Koo halina hatia. Mwaka 2016 Tecumseh Fitch na wenzake walionyesha, kwa picha za eksirei, kwamba kinywa na koo la nyani aina ya makaka vingeweza kutoa irabu za kutosha kwa usemi unaoeleweka. Kinachokosekana ni ubongo wa kuviendesha. Na Nim alitumia mikono, kwa hiyo koo halikuhusika kabisa.

Nyuki hunipa tabu kidogo, nakiri. Mchezo wao wa dansi mzingani, uliofasiriwa na mwanasayansi Karl von Frisch, hueleza mwelekeo na umbali wa maua ambayo hakuna aliye mzingani anayeyaona. Kusema juu ya kisichokuwepo ni jambo kubwa. Ila nyuki husema juu ya mahali pa kwenda tu; hawezi kuutumia mchezo huo kusimulia yaliyompata jana.

Sasa weka kando ya hayo watoto viziwi wa Nikaragua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walianza kukusanywa katika shule za Managua, ambako walimu waliwafundisha kusoma midomo ya Kihispania, bila mafanikio makubwa. Viwanjani watoto wakaunganisha ishara walizokuwa wakitumia nyumbani, na waliokuja baada yao, wakiwa wadogo zaidi, wakazipa sarufi ambayo wakubwa wao hawakuwa nayo. Masikio yao hayakuwa yamepokea lugha yoyote, na hata hivyo lugha ilitoka.

Kwa hiyo nikiletewa video ya mnyama anayebonyeza vitufe vinavyotamka maneno, siulizi anajua vitufe vingapi. Nauliza kama amewahi kumwambia mtu jambo ambalo halina faida kwake. Sokwe wa msitu wa Budongo, Uganda, wanakaribia hapo: utafiti wa mwaka 2012 uliwakuta wakipiga mlio wa tahadhari zaidi pale mwenzao alipokuwa hajui kwamba kuna nyoka. Hilo kwangu lina uzito kuliko majina 1,000 ya Chaser.