Kwa Nini Mfugaji wa Bonde la Ufa Haachi Bunduki

Katiba ya Kenya ya 2010 haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Anayeitaka huomba cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, aeleze sababu ya kuridhisha, na hata akikipata anaweza kupokonywa. Kwa sisi tunaoshughulikia sheria za silaha ndogondogo, kwenye karatasi hakuna ubishi kama ule wa Marekani, ambako katiba inataja haki ya kumiliki silaha. Ubishi uko Kapedo, Baragoi na Bonde la Kerio. Huko mfugaji ana AK-47 isiyo na cheti, na ukimwambia aisalimishe atakuuliza: usiku wezi wa mifugo wakija, nani atawazuia?

Swali hilo lina uzito, na anayetaka kujua kwa nini aangalie Karamoja, eneo la wafugaji ng'ambo ya mpaka, Uganda. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikaenea katika eneo zima la wafugaji. Desemba 2001 serikali ya Uganda ilianza kuzikusanya, kwanza kwa hiari. Wabokora, mojawapo ya jamii za Karamoja, walitoa nyingi. Kisha mwaka 2002 wanajeshi wengi waliopaswa kuwalinda wakahamishwa kwenda kupigana na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army, kundi la Joseph Kony) kaskazini mwa Uganda. Majirani waliobaki na silaha waliwavamia Wabokora, mifugo yao ikaswagwa. Waliotii serikali ndio walioumia! Jeshi liliporudi na msako wa nguvu mwaka 2006, lilizingira maboma alfajiri, na shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch likarekodi mateso na mauaji. Ni kweli uvamizi ulipungua kwa miaka kadhaa baadaye, na sitaficha hilo. Lakini ulizuka tena, na mwaka 2021 Uganda ikaanzisha operesheni nyingine.

Kwetu Kenya mambo yamekuwa yale yale. Operesheni Dumisha Amani, ya kukusanya silaha, ilianza 2005, ikarudiwa 2010. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 wakauawa Baragoi wakifuata ng'ombe walioibwa. Mwaka 2019 serikali ikawapokonya polisi wa akiba, yaani wenyeji iliowapa silaha walinde vijiji vyao, bunduki zao, na mwaka 2023, uvamizi ulipochacha, ikapeleka jeshi katika kaunti sita na kuanza kuajiri polisi wa akiba upya.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema kila boma liruhusiwe silaha. Bunduki inayolinda zizi leo ndiyo inayokwenda kuvamia zizi la jirani kesho, na jirani akiiona hutafuta mbili. Serikali yenyewe imechangia. Utafiti wa Small Arms Survey, taasisi inayochunguza silaha ndogondogo, wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba karibu nusu ya risasi haramu zilizokuwa zikizunguka Turkana Kaskazini zilielekea kutoka kwa polisi wa Kenya, waliozigawa ili wenyeji wajikinge na wavamizi wa kutoka nje. Serikali iliyokiri kwa vitendo kwamba haiwezi kumlinda raia haiwezi kumshtaki kwa kujilinda na ikaeleweka.

Ndiyo maana, ninapoombwa ushauri, naanza na polisi wa akiba kabla ya kutaja msako. Kwa miaka mingi walifanya kazi bila mshahara, na mtu mwenye bunduki asiyelipwa ana kishawishi kila siku. Walipwe, na kila risasi wanayopewa iandikwe ilikokwenda. Wakishasimama imara pande zote mbili, kwa Wapokot na kwa Waturkana wanaovamiana, ndipo silaha haramu zikusanywe kwa wakati mmoja, hadi Karamoja. Itifaki ya Nairobi ya 2004, mkataba wa kanda yetu wa kudhibiti silaha ndogondogo, ambayo Kenya na Uganda zote zilitia saini, tayari inazitaka nchi hizi zishirikiane na kuziwekea alama bunduki za serikali. Kwa hiyo hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji tarehe moja ya kuanza, iliyokubaliwa Nairobi na Kampala, na askari watakaobaki pale baada ya bunduki ya mwisho kukabidhiwa.