Alikwenda kujifungua, akarudi bila kizazi

Mtu amekwenda kuzaa tu. Kwa nini atolewe kizazi?

Kwa sababu damu imekataa kukatika. Mimba ikishakomaa, mfuko wa uzazi, yaani kizazi, hupitisha damu ya nusu lita au zaidi kila dakika. Kondo la nyuma likitoka, misuli ya mfuko inatakiwa ikaze na kuibana mishipa hiyo. Isipokaza, mama anaweza kuishiwa damu huku ndugu nje wakiendelea kupigiana simu za pongezi. Wakati mwingine tatizo ni mfuko kupasuka, hasa leba ikiwa ngumu au penye kovu la zamani.

Halafu kuna kondo lililozamia kwenye ukuta wa mfuko, lisilobanduka. Hili huwapata zaidi waliokwisha kujifungua kwa upasuaji, na hatari hupanda kila upasuaji unapoongezeka. Basi kliniki ukiulizwa umepasuliwa mara ngapi, taja zote. Kondo likionekana kwenye ultrasaundi limekaa chini, juu ya kovu, panga kujifungulia hospitali yenye thieta na damu ya kutosha.

Madaktari hawakuwa na njia nyingine?

Kwa kawaida huanzia kwingine: kuukanda mfuko, oksitosini na misoprostoli, dawa za kuukaza mfuko, na asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu ikatike, ambayo hutakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Lipo pia puto la kukandamiza kwa ndani. Pengine ni kondomu tu, iliyofungwa kwenye mpira wa mkojo na kujazwa maji, na inaokoa watu. Thieta kuna mshono unaoubana mfuko kama kamba inavyobana mzigo, uliotangazwa mwaka 1997 na Daktari Christopher B-Lynch, mzaliwa wa Sierra Leone. Yote yakishindikana, kinachobaki ni kutoa kizazi, na hapo kuchelewa ni hatari kuliko kisu chenyewe.

Mbona mume hakusubiriwa?

Mwili ni wa mke, na idhini huombwa kwake akiwa na fahamu. Akiwa amezimia, daktari huokoa uhai kwanza. Najua swali hili mara nyingi huulizwa na mawifi kuliko mume. Wanayo haki ya kuelezwa vizuri, ila mgonjwa akikubali.

Nitakoma hedhi na kuzeeka ghafla?

Hedhi ya kawaida haitarudi, wala hutabeba mimba tena. Lakini ovari, yaani vifuko vya mayai, kwa kawaida huachwa, nazo ndizo zinazotengeneza homoni za kike. Tendo la ndoa linawezekana ukishapona. Subiri wiki 6 au mpaka daktari akuruhusu.

Na maziwa?

Yanatoka, maana kizazi si kiwanda chake. Ila aliyepoteza damu nyingi mno anaweza kuumia tezi iliyo chini ya ubongo, maziwa yakakosekana kabisa na uchovu ukazidi. Usiambiwe ni uvivu. Rudi hospitali upimwe.

Niulize nini kabla ya kuruhusiwa?

Uliza ni nini hasa kilichotolewa. Mara nyingi daktari huacha shingo ya kizazi ili amalize haraka. Kama unayo bado, bado unahitaji kupimwa saratani yake. Omba iandikwe kwenye karatasi yako, kwa maneno unayoyaelewa.