GH ya Kiingereza: bubu aliyewahi kusema

Mtoto anayejua kusoma "ghali", "ghafla" na "lugha" hana ugomvi na gh. Ni sauti moja, ya kooni, ghaini ya Kiarabu, popote inapokaa. Siku anapofungua kitabu cha Kiingereza anakutana na "ghost", "laugh" na "night": mzimu, kucheka, usiku. Katika neno la kwanza gh inasomwa g, katika la pili inasomwa f, na katika la tatu haisomwi kabisa. Akiuliza, anajibiwa: "Kiingereza ndivyo kilivyo, kariri tu."

Jibu hilo ndilo limetuzalishia dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba gh ya "night" ni pambo lililowekwa bila sababu.

Gh hiyo iliandikwa kwa sababu ilisikika. Waingereza wa kale waliandika "niht", na h hiyo ilikuwa na mkwaruzo wa kooni. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi wakaja kidogokidogo na mtindo mpya wa kuiandika sauti hiyohiyo, na gh ikaenea. Ukitaka kuisikia leo, msikilize Mjerumani akisema Nacht (usiku), Licht (nuru), acht (nane), Tochter (binti). Pale Mwingereza aandikapo "night", "light", "eight", "daughter", Mjerumani bado anakwaruza palepale penye gh. Au usiende mbali hivyo: msikilize mzee wa Unguja akimwita Khamis. Kh ile ndiyo gh ya "night" kabla haijanyamaza.

Na sisi tusiwacheke sana. Khabari imekuwa habari, khamsini imekuwa hamsini, na kheri wengi wetu tunaisema heri. Koo la Mswahili limelainisha sauti ileile iliyomshinda Mwingereza. Tofauti ni kwamba sisi tulipoacha kuitamka tuliacha pia kuiandika. Wao William Caxton aliwafungulia kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, maandishi yakaanza kuganda huku ndimi zikiendelea kubadilika. Kufika karne ya 17 mkwaruzo ulikuwa umeshatoweka London, lakini gh ilikuwa imeshazoeleka vitabuni.

Wengine wanasema basi gh inasomwa vyovyote msomaji apendavyo, na ushahidi wao ni kichekesho cha "ghoti", neno linalodaiwa kusomeka kama "fish", yaani samaki: gh ya "enough", o ya "women", ti ya "nation". Hukosi kuambiwa pia kwamba aliyelibuni ni George Bernard Shaw, mtunzi wa tamthilia. Yote mawili si kweli. Katika barua ya mwaka 1855 mchapishaji Charles Ollier alimweleza mwandishi Leigh Hunt kwamba kichekesho hicho ni cha mwanawe, William. Shaw alizaliwa mwaka 1856. Na gh haisomwi f mwanzoni mwa neno hata siku moja. Sauti ya f huja baada ya irabu, katika maneno kama "laugh", "cough" (kukohoa), "rough" (-a kukwaruza), "tough" (-gumu) na "enough" (-a kutosha). Ni kundi dogo, linakaririka kwa jioni moja. Mmoja wao tumeshamkaribisha barazani bila kujua: mchezo tunaouita drafti, kwa Kiingereza huandikwa "draughts". Sikio letu lilisikia f, tukaandika f, yakaisha.

Gh ya mwanzoni ina ukoo mwingine kabisa, na hapa ndipo wengi huteleza wakidhani gh zote ni ndugu. "Ghost" zamani iliandikwa bila h. Caxton alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji ulioko Ubelgiji ya leo, na h hiyo inaaminika iliingia kwa mazoea ya Kiflemi, lugha ya huko, ambako neno hilo liliandikwa "gheest". Vitabu vyake vina hata bata bukini aliyeandikwa "ghoos". H ya bukini ikafa, ya mzimu ikabaki. "Ghoul", zimwi mla maiti, limetoka kwenye ghul ya Kiarabu. "Ghee" ni samli, kutoka Kihindi. "Ghetto" ni la Venice, mtaa walikotengwa Wayahudi mwaka 1516. Katika Kiitaliano h hiyo ina kazi maalumu, kuilinda g isilainike mbele ya e na i, ndiyo maana iko pia katika "spaghetti". Vijana wa Tanzania walipolichukua neno wakaliita geto, chumba cha kijana anayejitegemea, na h wakaitupa nje. Walifanya vizuri, maana kwetu haina kazi.

Kufanana kwa herufi hakumaanishi undugu wa maana pia. "Light" ya nuru na "light" ya wepesi ni maneno mawili yaliyogongana njiani. Mjerumani bado anayatenganisha, Licht na leicht. Hakuna anayedhani kaa la moto na kaa wa baharini ni mtu na binamu yake. Tena "playwright", mtunzi wa tamthilia, haikutokana na "write", kuandika. "Wright" ni fundi, kama katika "shipwright", fundi wa meli. Kwa hiyo mtunzi huyo ni fundi wa michezo, sifa ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya uandishi.

Baada ya haya yote usije ukadhani kila gh ni kaburi la kh. Nyingine ni za bandia. "Delight", furaha, lilikuja kutoka Kifaransa cha kale likiitwa "delit", halina mkwaruzo wowote. Watu waliona "light" na "night" wakalivisha sare yao. "Haughty", -enye majivuno, limetokana na "haut" ya Kifaransa, yaani juu, nalo likavishwa vivyo hivyo. Ila linalonichekesha ni "hiccough", kwikwi. Hapo mwanzo "hiccup" lilikuwa ni mwigo wa mlio tu, kama kwikwi yetu. Akatokea mtu akadhani ni aina ya kikohozi, akalipachika "cough" mkiani. Likaandikwa hivyo, lakini hadi leo hutamkwa "hikap".