Jina lako limo kwenye orodha gani?

"Mwanangu, hii ndiyo hati yangu ya shamba," mama mmoja aliniambia, akimimina risiti mezani. Zilikuwa za kodi ya chumba cha mabati mjini Eldoret, za mwaka 2006 na 2007, nyingine wino umeshafifia. Akacheka mwenyewe. Shamba hakuwahi kuwa nalo. Alikuwa mpangaji, muuza mboga, na ghasia zilipozuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 alikimbilia kwa dada yake Nakuru. Kambini hakulala hata usiku mmoja, na kwa sababu hiyo jina lake halikuandikwa popote.

Zaidi ya watu 600,000 walifurushwa makwao wakati ule, na zaidi ya 1,100 waliuawa. Picha tunazokumbuka ni za mahema katika viwanja vya maonyesho vya Nakuru na Eldoret. Lakini karibu nusu ya waliohama hema hawakulijua: walipokewa na jamaa, au wakabanana katika vyumba vya kupanga mijini. Wakaitwa "waliotangamana na jamii", jina tamu kwa familia mbili zinazogawana godoro. Serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani Mei 2008, familia iliyoandikishwa ilitengewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 nyingine kama nyumba yake ilichomwa. Wa kambini walihesabika kwa urahisi. Aliyejihifadhi kwa shemeji nani angemhesabu?

Nimefanya kazi ya msaada wa kisheria miaka mingi, na sijaona mahali haki inapopotea kimyakimya kama kwenye daftari la usajili. Mwenye hati miliki ana cha kuonyesha. Mkewe, ambaye jina lake halimo kwenye hati ile, akifiwa huanza kubishana na mashemeji kabla hajafika kwa karani. Mpangaji huambiwa arudi alikotoka, kana kwamba chumba alichoishi miaka 12 hakikuwa kwake. Na aliye wa kabila lisilotakikana pale huona heri akose msaada kuliko kwenda kujitambulisha kwa chifu. Hata wenye nyumba waliumia: Kibera na Mathare, Nairobi, wako waliofukuzwa, na nyumba zao zikakaliwa na watu wasiolipa kodi. Kisha upepo wa siasa ukigeuka, orodha huhakikiwa upya. Majina hewa hupata njia ya kuingia, ya kweli yakadondoka.

Sheria, kwa bahati nzuri, ni pana kuliko daftari. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makao bora. Sheria ya wakimbizi wa ndani ya mwaka 2012 inamtambua aliyelazimika kuacha nyumba yake au mahali alipozoea kuishi. Soma tena maneno hayo: hayataji kambi, wala hati miliki. Mpangaji yumo, na aliye kwa dada yake yumo. Kuhusu ubomoaji, Sheria ya Ardhi inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi 3 kabla ya kuwaondoa watu, hata wale wanaokalia ardhi isiyo yao. Tingatinga huwa halijaisoma, lakini mahakama imeisoma, na mwananchi aliyeishika mkononi husikilizwa tofauti.

Uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Ningependa kila mpangaji aanze sasa, wakati mambo yangali shwari, kuweka ushahidi wa anapoishi: mkataba wa nyumba kama upo, risiti, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha kodi, barua ya chifu, picha ya nyumba kwa nje na ndani. Vipige picha, umtumie ndugu anayeishi kaunti nyingine, maana simu nayo huibwa au huungua. Mkihama, jiandikisheni huko mlikofikia hata kama mmepata pa kulala, na mama aandikwe kwa jina lake mwenyewe, asiwe nyongeza tu kwenye mstari wa mumewe.

Yule mama tulimwandalia hati ya kiapo, tukaambatisha nakala za risiti zote. Zile halisi alizikusanya moja moja, akazifunga kwenye leso, akaondoka nazo.